Kisigino kinauma asubuhi? Angalia ndani ya bote yako

Bwana mfanyakazi, na wewe Mama unayesoma ukurasa huu wakati bwana yuko kazini, leo tutazungumza juu ya miguu.

Labda unajua jambo hili. Kungali giza, kamyo ya wafanyakazi itapita karibu. Unashuka kitandani, unakanyaga sementi, na mara moja kisigino kinakuchoma kama umekanyaga msumari. Unashika ukuta. Unatembea kwa vidole mpaka pahali pa kuogea. Hatua kumi, hatua ishirini, maumivu yanapungua, na ukifika kazini umekwisha kusahau. Wakati wa mapumziko unakaa kula mkate wako. Unasimama tena: msumari umerudi! Jioni unaingia nyumbani ukichechemea, na watoto wanaiga mwendo wako.

Ugonjwa huu hauui mtu, na ndiyo sababu watu wanauficha. Wanaona haya kuja dispanseri kwa kisigino tu, wakati wengine wanakuja na homa ya malaria. Wanafika kwetu baada ya miezi sita, wakati mwingine baada ya mwaka, na tayari wamekwisha kujaribu dawa zao wenyewe. Hapo ndipo hatari inaanza, kama mtakavyoona.

Kwanza tujue kitu kinachouma. Chini ya mguu, toka mfupa wa kisigino mpaka vidoleni, kuna ukanda mgumu na mpana, kama kipande cha mshipi wa ngozi. Kazi yake ni kushika upinde wa mguu usilale chini. Kila hatua ukanda huo unavutika na kurudi. Ukisimama masaa nane juu ya sementi au juu ya vyuma vya ngazi, ukibeba vitu vizito, ukinenepa kwa muda mfupi, au ukivaa viatu vilivyokwisha chini, ukanda unaanza kuumia pale unaposhikana na mfupa. Usiku mguu umelegea na ukanda umejikunja. Asubuhi unauvuta ghafula kwa uzito wako wote. Ndiyo maana hatua ya kwanza ndiyo mbaya kuliko zote.

Wengine walipigwa picha ya mifupa wakaonyeshwa kitu kama mwiba chini ya kisigino, wakatoka lopitali wakilia kwamba watapasuliwa. Msiogope. Watu wengi wana mwiba huo na hawasikii maumivu yoyote. Hatutibu picha, tunatibu mguu.

Sasa sikilizeni habari ya baba mmoja, fundi wa mashini katika atelye. Sitataja jina lake wala pahali. Alikuja kwangu akasema: «Dokta, kisigino kinanitesa.» (Mimi si dokta, lakini kwetu kila mwenye bluzi nyeupe anaitwa dokta.) Nikamjibu: «Baba, ni uchovu wa kazi.» Nilibonyeza kisigino, nikaandika vidonge vya siku tano, nikaita mgonjwa mwingine. Siku ile foleni ilifika mpaka nje. Sikuingiza mkono ndani ya bote yake, wala sikuitazama chini. Alirudi mara mbili, na mara mbili nilimpa vidonge vile vile. Kosa hilo ni langu.

Basi akatafuta shauri pengine. Rafiki yake akamwambia: «Yaya, ni kile chuma cha ndani ya bote kinachokuumiza.» Akapeleka bote kwa fundi wa viatu sokoni. Fundi akafungua chini, akatoa bamba la chuma, akaweka kipande cha sponji ya godoro, akashona vizuri sana. Kwa nje huwezi kujua. Baba yule alitembea wiki mbili akifurahi, akasema dispanseri haijui kitu. Siku moja alishuka kutoka juu ya mashini akakanyaga ubao wenye msumari. Msumari ulipita sponji, ukapita shoseti, ukaingia mguuni.

Mimi ndiye niliyekuwa zamu. Nilisafisha kidonda, nikapiga sindano ya kuzuia tetanosi. Hata hivyo kidonda kiliota usaha, akakaa zaidi ya mwezi mmoja bila kufika kazini. Kidonda kilipopona, nilimwuliza juu ya kisigino cha zamani. Akacheka kwa uchungu: kilikuwa kinauma vile vile. Sponji ilikwisha kulala bapa kama karatasi katika siku kumi tu.

Wenzangu, bamba lile si adui yako. Limewekwa kuzuia misumari na vyuma vikali. Na kofia ngumu ya mbele, inayofunika vidole, katika bote nzuri za usalama hupimwa kustahimili kitu cha kilo 20 kinachoanguka kutoka urefu wa karibu metre moja. Hakuna fundi wa sokoni anayeweza kukurudishia kinga hiyo akishaifungua. Bote ikikuumiza, usiikate. Tubadili kile kinacholala juu ya bamba, maana yake semele ya ndani, ile inayotoka kwa mkono.

Hapa watu wengi wanadanganyika, na mimi pia nilidanganyika. Sisi wa dispanseri tunasimama juu ya sementi kutwa nzima, na kisigino changu cha kushoto kiliniuma mvua nzima. Nilikwenda sokoni nikachagua semele iliyo laini kuliko zote, nene, ukiibonyeza kidole kinazama. Niliona ni kama kutembea juu ya mto wa kulalia. Baada ya siku chache ilikuwa bapa na kisigino changu kilikuwa pale pale. Kitu laini kinapendeza mkononi. Lakini mguu wenye ukanda mgonjwa unataka kitu cha kuushika, ule upinde usishuke kila hatua.

Ukiwa mbele ya mwuzaji, usimsikilize kwanza. Fanya hivi. Shika semele mbele na nyuma, ujaribu kuikunja. Inapaswa kukunjika pale penye vidole, si katikati. Kama inakunjika katikati kama bahasha, iache. Kisha bonyeza kwa kidole gumba ile sehemu iliyoinuka, inayokaa chini ya upinde. Ikizama yote, mwili wako wenye kilo 70 utaifanya nini? Tazama pia nyuma: panapokaa kisigino pawe na shimo kama kisahani, lenye ukingo unaokumbatia kisigino pande zote. Chini ya kisigino chenyewe laini kidogo ni nzuri, ipunguze mshindo. Ugumu uwe chini ya upinde. Lakini si ugumu wa jiwe: ukisimama juu yake usikie inakushika, isikuchome.

Usilipe franga nyingi kwa sababu ya maneno ya karatasi yake. Waganga wamelinganisha semele zilizo tayari dukani na zile zinazotengenezwa kwa kipimo cha mguu wa mtu mmoja, kwa bei kubwa. Kwa maumivu haya ya kawaida ya kisigino, baada ya mwaka mmoja tofauti ilikuwa ndogo. Mguu uliopinda sana, au mguu wa mtu mwenye ugonjwa wa sukari, ni habari nyingine. Huo uonwe na daktari. Na kama semele nzuri haipatikani, fundi wa viatu anaweza kukata ngozi ngumu na mpira, akainua kidogo pahali pa upinde. Nimeona moja iliyofanya kazi vizuri. Lakini katoni haifai, inalowa jasho siku ya kwanza.

Jaribu semele ndani ya bote ile ile ya kazi, na shoseti zile zile za kazi, kisha kutoka kazini, kwa sababu jioni miguu imevimba kidogo. Toa kwanza semele ya zamani. Usiweke mpya juu yake! Mguu utapanda juu, kisigino kitatoka kila hatua, na vidole vitagonga chuma cha mbele. Mtu ambaye kisigino kinamtoka kwenye bote akiwa juu ya ngazi anaweza kuanguka, na hapo tutasahau habari ya kisigino. Vidole visogee bila kugusa kofia ya chuma. Kama havisogei, omba bote ya namba kubwa, au utafute semele nyembamba.

Tena jambo moja ambalo wengi hawalijui. Bote nyingine zimetengenezwa ili umeme mdogo unaokusanyika mwilini ushuke ardhini. Wanaoshika baruti, na wanaofanya kazi karibu na mvuke wa petroli, wanazihitaji. Semele ya plastiki au ya sponji inaweza kufunga njia hiyo, na cheche moja inatosha. Mafundi wa umeme nao wana bote zao, za kinga ya namna nyingine. Kwa hiyo kabla ya kuweka semele ya dukani katika bote ya kazi, mwonyeshe mtu wa usalama wa kazi yako. Watengenezaji wa bote wenyewe wanaonya kwamba semele isiyo yao inaweza kubadili kinga. Iko semele iliyotengenezwa kwa bote hizo. Uliza kwanza hiyo.

Wenzetu wanaovaa bote za mpira ndani ya migodi yenye maji wana taabu zaidi. Bote hizo mara nyingi ni bapa ndani, hazina upinde, na ni pana, mguu unacheza. Semele inawasaidia sana, lakini maji na jasho vinaiharibu. Kila jioni itoe, uisafishe, uisimamishe kivulini pahali penye upepo. Usiiweke juu ya mbabula: inajikunja na kupasuka. Mwenye uwezo awe na mbili, moja ikauke wakati anavaa nyingine. Na ukiona ngozi kati ya vidole inababuka na kuwasha, njoo. Hiyo ni dawa nyingine.

Siku ya kwanza vaa semele mpya saa moja au mbili tu, nyumbani. Kesho ongeza. Katika wiki moja au mbili mguu utakuwa umezoea. Wengi wanaitupa siku ya pili wakisema inauma. Inauma katikati ya mguu kwa sababu upinde haujazoea kushikwa. Lakini kama wiki mbili zimepita na ingali inakuchoma, basi si yako.

Tena nisiwadanganye. Semele peke yake haitoshi. Asubuhi, kabla ya kukanyaga chini, kaa kitandani, weka mguu unaouma juu ya goti la pili, shika vidole kwa mkono uvivute kuelekea wewe mpaka usikie ukanda umekazika. Hesabu mpaka kumi, achia. Fanya mara kumi, na mara tatu kwa siku. Kisha simama mbele ya ukuta, mguu unaouma nyuma, kisigino kisiondoke chini, uegemee mpaka nyama ya nyuma ya mguu ivutike. Hesabu mpaka thelathini. Jioni viringisha mguu juu ya chupa yenye maji baridi. Nyumbani usitembee miguu wazi juu ya sementi, wala na babushi zilizokwisha kuwa nyembamba kama jani. Mama, hili linakuhusu hata wewe unayesimama sokoni toka asubuhi na babushi hizo. Ninaona visigino vya akina mama vingi kama vya akina baba, lakini wao wanakuja wakati wameleta mtoto, na wanasema tu wakiwa mlangoni wanatoka.

Uwe na uvumilivu. Katika watu kumi, kama nane wanapona bila kupasuliwa, lakini ni kwa miezi, si kwa siku. Vidonge vya maumivu ni vya siku chache, kisha kula, na havimfai mwenye kidonda cha tumbo, mwenye ugonjwa wa figo, wala mama mwenye mimba bila shauri la daktari. Sindano ya kisigino inapunguza maumivu kwa muda, lakini inaweza kudhoofisha ukanda mpaka ukatike. Daktari ndiye anayeamua. Na ile desturi ya kuchanja kisigino kwa wembe na kusugua dawa ya unga, mimi siipendi hata kidogo. Nimeona miguu iliyooza.

Usingoje semele kama kisigino kilianza kuuma baada ya kuanguka au kuruka kutoka juu, kama kimevimba na una homa, kama mguu umekufa ganzi, au kama una ugonjwa wa sukari. Na wewe kijana, ukiumwa visigino vyote viwili na kila asubuhi mgongo umekakamaa zaidi ya nusu saa, njoo upesi pia. Huo unaweza kuwa ugonjwa wa viungo.

Wengine wote, mkija dispanseri, leteni bote za kazi, zote mbili, na semele zake ndani. Msizioshe wala msizipake rangi. Ninataka kuona zimeisha upande gani.