Paka Aliyepooza Miguu ya Nyuma: Kigari Kinamfaa Lini?

Ukipita Mji Mkongwe jioni, kuanzia Darajani mpaka Forodhani, utakutana na paka kila kona: juu ya mabaraza, chini ya meza za samaki, kwenye roshani. Vichochoro hivyo hivyo ndimo zinamopita vespa na pikipiki, na roshani nyingi ziko ghorofa ya pili au ya tatu. Si ajabu basi kumkuta paka anajikokota, mbele mzima, nyuma anaburuta. Wengi tukimuona husema "huyo ndiyo basi". Wengine, waliokwisha kuona video za mbwa wanaokimbia na magurudumu, husema "tumtengenezee kigari". Kila jibu lina paka wake. Kwanza tujue kilichoharibika ni nini.

Globu au waya?

Taa isipowaka, huenda globu imeungua au waya umekatika. Kwa mnyama ni hivyo hivyo.

Mfupa wa mguu au nyonga uliovunjika ni "globu". Mara nyingi hutibika, na hata mguu ukikatwa, maisha yanaendelea. Mbwa na paka hubeba takribani asilimia 60 ya uzito kwa miguu ya mbele na 40 kwa ya nyuma. Paka wa kilo 4, basi, miguu yake miwili ya nyuma inabeba kama kilo 1.6 tu. Akipoteza mmoja, uliobaki unaimudu kazi. Huyu hahitaji kigari. Kumfunga magurudumu ni kuudhoofisha mguu mzuri aliobaki nao.

"Waya" ni habari nyengine. Ndani ya uti wa mgongo unapita ugwe wa mishipa ya fahamu, unaopeleka amri za ubongo miguuni na kurudisha maumivu ubongoni. Ukipondeka au kukatika, miguu inabaki mizima lakini haipati amri.

Hapa ndipo wengi wanapodanganyika. Ukimfinya kidole cha nyuma, paka aliyepooza anaweza kuuvuta mguu, nawe ukafurahi: kumbe anahisi! Si lazima. Kuvuta mguu huamuliwa na ugwe wenyewe, chini ya pale palipoumia, bila ubongo kuulizwa. Ndivyo nawe unavyoondoa mkono kwenye sufuria ya moto kabla hujasema "ah!". Kwa hiyo daktari wa mifugo hatosheki na mguu, anaangalia uso: amegeuka? Amelia? Ametaka kung'ata? Kama ndiyo, habari imefika kichwani na matumaini ya kutembea tena ni mazuri. Kama hapana, matumaini ni madogo, na hapo kigari kinaingia kwenye mazungumzo.

Siku ya kwanza si siku ya kigari

Mnyama aliyegongwa mtelezeshe juu ya ubao au ndani ya boksi, mgongo usipinde. Mfunike taulo, kwani mwenye maumivu hung'ata hata anayempenda. Aking'ata, osha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, kisha nenda hospitali. Na akiwa amepooza bila ajali inayojulikana, usimshike kwa mikono mitupu: kichaa cha mbwa nacho huweza kuanza kwa kupooza, na paka hukipata pia.

Kisha, tafadhali sana, usimpe Panadol. Ini la paka halina vimeng'enya vya kutosha vya kuivunja dawa hiyo. Kidonge kimoja cha miligramu 500 kinaweza kumuua. Mpeleke kwa daktari wa mifugo, au uliza kwa ZAASO, shirika linalohudumia wanyama hapa Unguja.

Somo la gari la ng'ombe

Tuseme daktari amekubali: miguu ya mbele ina nguvu, mgongo umetulia, kigari kijaribiwe. Fundi anaweza kukiunda kwa mabomba ya plastiki, mikanda laini na magurudumu ya gari la mtoto. Kazi ngumu ni kujua ekseli ikae wapi.

Jibu unalo barabarani. Mwenye gari la ng'ombe anajua kwamba mzigo ukikaa mbele mno ya ekseli, unamlemea ng'ombe shingoni. Ukikaa nyuma mno, gari linabinuka na kumnyanyua. Kigari cha paka ni hesabu ile ile. Ekseli ikiwa chini ya nyonga, magurudumu yanabeba kile kile kilichobebwa na miguu ya nyuma. Ukiisogeza nyuma, mabega yanalemewa. Ukiileta chini ya tumbo, miguu ya mbele inakosa uzito wa kukanyagia. Mgongo uwe sawa kama meza, na mkanda ushike nyonga, usikabe tumbo.

Halafu angalia anapoishi. Gurudumu dogo hukwama kwenye kizingiti na mawe ya vichochoroni, kubwa hupanda. Kwenye mchanga wa Paje au Nungwi, gurudumu jembamba linazama, pana linatawanya uzito. Na ngazi za nyumba zetu za Mji Mkongwe hazipandiki kwa kigari chochote: zizibwe, naye abebwe.

Kazi isiyoonekana kwenye video

Ugwe ule ule unaoamrisha miguu huamrisha na kibofu. Wanyama wengi waliopooza hawawezi kukojoa wenyewe. Lazima mtu afunzwe na daktari kukiminya kibofu, mara mbili au tatu kwa siku, kila siku. Mkojo ukibaki ndani huleta maambukizi, ukibaki juu ya ngozi huichoma. Kigari chenyewe ni cha dakika tano au kumi mwanzoni, kisha unaongeza. Halali nacho wala haachwi nacho peke yake. Mikanda ikivuliwa, kagua kama kuna wekundu au mchubuko.

Kwa hiyo kabla hujamuita fundi, jiulize nani atakuwepo nyumbani asubuhi, jioni na usiku kwa miaka ijayo. Kama yupo, na paka anakula, anajilamba na kuja ukimwita, magurudumu yatampa nusu ya mwili aliyoipoteza. Kama hayupo, na maumivu hayapungui, muulize daktari waziwazi kuhusu kumpumzisha. Hiyo nayo ni huruma, kuliko kumrudisha kichochoroni ajikokote.