"Mtandao Hakuna" Si Jibu

Ndugu msikilizaji, yapo maneno mawili ambayo siku hizi yamewarudisha watu wengi nyumbani mikono mitupu. Maneno hayo ni "mtandao hakuna". Utayasikia benki, hospitalini na katika ofisi za umma. Mkulima wa chai anatoka Lupembe alfajiri, analipa nauli hadi Njombe au Makambako, anapanga foleni, na akifika dirishani anajibiwa hivyo. Nauli imekwenda, siku imekwenda, na shida yake iko pale pale.

Jibu hilo ni sawa na daktari kumwambia mgonjwa kwamba anaumwa. Mgonjwa analijua hilo. Anachotaka kujua ni wapi panapouma. Kwa upande wa kompyuta, kupajua mahali hapo hakuhitaji chombo cha gharama wala fundi kutoka Dar es Salaam. Zipo amri chache ambazo huandikwa kwa herufi katika dirisha jeusi. Katika kompyuta za Windows, dirisha hilo hufunguka ukitafuta neno cmd.

Amri ya kwanza ni ipconfig. Hii huonyesha anwani ya kompyuta yako, na anwani ya mlango wa kutokea, yaani ruta iliyopo ofisini. Ukiona anwani ya kompyuta inaanza na 169.254, ujue kompyuta iliomba anwani, ikakosa wa kuipa, ikajipa yenyewe. Mara nyingi tatizo hilo limo humo humo ofisini: waya umelegea au ruta ina hitilafu. Usimlaumu mtu wa mbali.

Amri ya pili ni ping, iliyoandikwa na Mmarekani Mike Muuss mwezi Desemba 1983. Kazi yake ni kubisha hodi. Andika ping na anwani ya ruta yako. Ikijibu, nyumbani ni salama. Kisha bisha hodi mbali zaidi, kwa mfano ping 8.8.8.8, ambayo ni anwani ya seva za majina za Google. Ruta ikijibu na huko mbali kukawa kimya, yaelekea tatizo limevuka ukuta wa ofisi yako.

Amri ya tatu ni nslookup. Kompyuta huenda kwa tarakimu, lakini sisi huandika majina, na ipo seva ambayo kazi yake ni kutafsiri jina kuwa tarakimu. Ikiwa 8.8.8.8 inajibu lakini nslookup inashindwa kulipata jina, basi barabara ni nzima, ila aliyekuwa akituelekeza nyumba hayupo. Hapo dawa huwa ni kubadili seva ya majina tu.

Amri ya nne ni tracert, ambayo katika kompyuta za Linux huitwa traceroute. Ili kuielewa, chukua mfano wa safari ya Lupembe hadi Dar es Salaam. Unamtuma kijana wa kwanza na nauli ya kufika Kibena tu. Anashushwa hapo, anapiga simu kusema amefika. Wa pili unampa nauli ya Makambako, wa tatu ya Iringa, wa nne ya Morogoro. Kama wa Makambako amepiga simu na waliotumwa mbele zaidi wako kimya, unajua pa kuanzia kutafuta. Ndivyo tracert inavyofanya: kila ujumbe hupewa idadi ya vituo, na unapoishiwa, ruta ya hapo hurudisha taarifa.

Umuhimu wake ulionekana Mei 2024, nyaya za chini ya bahari za EASSy na SEACOM zilipopata hitilafu, na watumiaji wa Tanzania na nchi jirani wakakwama. Katika hitilafu ya namna hiyo, vituo vya ndani ya nchi huweza kuendelea kujibu, na kimya huanzia mbele yake. Anayeliona hilo hapotezi fedha kununua ruta mpya.

Lakini tahadhari, msikilizaji. Zipo ruta zilizozuiwa na wenyewe zisijibu hodi. Kituo kimoja kikionyesha nyota na kinachofuata kikajibu, njia ni nzima. Kwa hiyo pima zaidi ya mara moja, na pima zaidi ya anwani moja, kabla ya kutoa hukumu.

Faida ya amri hizi si ya mafundi peke yao. Mwanafunzi anayekimbizana na siku ya mwisho ya kuomba mkopo wa elimu ya juu anahitaji kujua kama asubiri dakika kumi au ahamie mji mwingine. Kampuni inayotuuzia huduma nayo haiwezi kutuzungusha tukiwa na matokeo mkononi, yenye saa na kituo cha mwisho kilichojibu.

Basi kila ofisi inayohudumia watu iandike amri hizi nne kwenye karatasi na kuibandika kando ya kompyuta. Nasi wananchi, tukiambiwa mtandao hakuna, tuulize kwa adabu: umekatikia wapi? Anayestahili kukaa dirishani anapaswa kuwa na jibu.