Mifumo Kusomana: Minofu ya Sangara na Umuhimu wa Kukubaliana Maana Kwanza

Minofu ya sangara inayotoka katika viwanda vya Mwanza haina muda wa kusubiri. Hata ikiwa kwenye barafu, kila saa inayopotea huipunguzia ubora na bei. Pamoja na hayo, msafirishaji anapaswa kuwa na usajili wa kampuni kutoka BRELA, namba ya mlipakodi kutoka TRA, vibali na cheti cha afya kutoka mamlaka za uvuvi, na namba ya kumbukumbu ya malipo kwa ada anazotakiwa kulipa. Cheti hicho si karatasi ya kupuuzwa: mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa Ziwa Victoria kwa hofu ya matumizi ya sumu katika uvuvi.

Kila taasisi ilijenga mfumo wake kwa wakati wake. Ugumu wa kuifanya mifumo hiyo isomane hauko katika nyaya, bali katika maana. Ofisa uvuvi huandika sangara, mtaalamu wa maabara Lates niloticus, na forodha 0304.33 ikiwa ni minofu mibichi au iliyopozwa. Kiwanda huhesabu uzito wa minofu pekee, ilhali ndege hubeba minofu, kasha na barafu. Mtu huelewa kuwa mzigo ni mmoja. Kompyuta itaukataa au, vibaya zaidi, itaupokea kwa takwimu zisizo sahihi.

Ndiyo maana kazi huanza na kielelezo: maelezo rasmi, yasiyofungamana na programu yoyote, ya nini maana ya mzigo, msafirishaji, uzito halisi na cheti, na jinsi vinavyohusiana. Kikishakubaliwa, zana za kompyuta huweza kuzalisha kutoka humo sehemu kubwa ya programu za kuunganisha mifumo. Kanuni ikibadilika, hurekebishwa kielelezo, kisha programu huzalishwa upya. Vikao vya kukubaliana maana havina shamrashamra za uzinduzi, na pengine ndiyo sababu huharakishwa.

Hatua inayofuata ni kila taasisi kubaki na kanzidata yake, lakini itoe huduma kwa wengine. NIDA huthibitisha utambulisho wa mtu. GePG hutoa namba ya kumbukumbu na kuthibitisha malipo. Mifumo 10 ikiunganishwa miwili miwili huhitaji viunganishi 45. Ikipitia njia moja ya pamoja, 10 hutosha. Ndiyo kazi ya GovESB, mfumo wa kubadilishana taarifa uliojengwa na Mamlaka ya Serikali Mtandao, taasisi iliyoanzishwa kwa Sheria ya Serikali Mtandao Na. 10 ya mwaka 2019.

Njia moja ina hatari yake: ikisimama, wote husimama. Kwa hiyo huhitaji mitambo ya akiba, na pia mwenye dhamana kwa kila neno la kielelezo. Jina la samaki liamuliwe na uvuvi, thamani ya mzigo na forodha, ili tofauti inapojitokeza ijulikane nani wa kupigiwa simu wakati barafu bado haijayeyuka.