Ngome Inayompoteza Adui

Leo, wajukuu zangu, ninyi ni maadui. Mwaka ni 1610, mko Himeji, magharibi mwa Japani, na mmetumwa kuiteka ngome ile nyeupe iliyo juu ya kilima. Haya, twendeni!

Mmevuka handaki la maji, mmepita lango la kwanza. Mnara mnauona pale mbele, karibu kabisa. Lakini njia inakata kona, inapanda, inakata tena, na mara mnara mmeupa mgongo! Lango linalofuata ni dogo. Jeshi zima lazima lijipange mmoja mmoja. Tazameni kutani: matundu marefu ni ya mishale, ya duara, ya pembetatu na ya mraba ni ya bunduki. Aliyeko ndani anakuona, wewe humwoni. Na ukifika chini ya mnara, usidhani utaukwea ukuta wa mawe. Chini umelala kidogo, lakini kadiri unavyopanda ndivyo unavyosimama wima, na juu yako kuna madirisha ya kuporomoshea mawe.

Kilima hicho kilikuwa na boma tangu karne ya 14. Baada ya vita vya Sekigahara mwaka 1600, mshindi Tokugawa Ieyasu alimpa mkwewe, Ikeda Terumasa, eneo hilo. Terumasa aliijenga ngome upya, akamaliza mwaka 1609. Ukihesabu kwa nje, mnara mkuu una ghorofa tano. Ndani ni sita, tena kuna chumba cha chini. Nguzo mbili kubwa za mbao, kila moja yapata mita 25, zinaubeba tangu chini hadi karibu na paa. Mbao zinashika moto, ndiyo maana kuta zilipigwa lipu nene ya chokaa. Weupe ule mnaousifu ni kinga.

Hakuna jeshi lililowahi kupigana katika njia zile za kumpoteza adui. Hatari kubwa ilitoka angani: mwaka 1945 ndege za Marekani ziliuteketeza mji wa Himeji, na bomu la moto likaangukia mnara. Halikulipuka. Nashukuru kila ninapolisimulia hili.

Mafundi walipoufungua mnara kuukarabati, kati ya 1956 na 1964, waliikuta nguzo ya magharibi imeoza, wakaweka mpya. Ya mashariki, kwa sehemu kubwa, ni ileile ya Terumasa, na bado inabeba.