Kidonge cha gripe na aleji: dawa mbili ndani ya moja, na hatari yake kwa wenye tansiyo

Wakati wa kiangazi, vumbi ya barabara inajaa katika miji na vijiji vya mashariki mwa Congo. Kule Goma kuna tena vumbi nyeusi ya mawe ya volkano, na katika nyumba nyingi kuna moshi wa makala. Wakaaji wengi wanaamuka na chafya, pua imeziba, macho yanawasha. Wanaenda kwenye famasi ya karibu, wanaomba "dawa ya gripe", na wanapewa vidonge bila maelezo yoyote.

Kidonge kile mara mingi kina dawa mbili, tatu, hata ine ndani yake. Kinaweza kumusaidia kijana mwenye afya, lakini kikamuweka baba yake mwenye tansiyo katika hatari.

Nini iko ndani ya kidonge?

Dawa ya kwanza ni ya kupigana na aleji. Mwili ukikutana na kitu usichokipenda, kama vumbi ao manyoya ya paka, unatoa kitu kinachoitwa histamini. Ndiyo inaleta chafya, makamasi na kuwashwa. Klorfenamini, ambayo kwenye boîte inaandikwa "chlorphénamine", inazuia histamini ile. Lakini inaleta usingizi na inakausha kinywa.

Dawa ya pili ni ya kufungua pua. Kwenye boîte inaandikwa "pseudoéphédrine" ao "phényléphrine". Inakaza mishipa midogo ya damu ndani ya pua, uvimbe unapungua, hewa inapita. Shida ni kwamba dawa ya kumeza haibaki puani tu. Inazunguka mwili muzima: tansiyo inaweza kupanda, moyo ukapiga mbio, na usiku mutu akakosa usingizi.

Mara mingi wanaongeza tena paracetamol ya kushusha homa, na pengine kafeini.

Wengine wanafikiri dawa moja itafuta ubaya wa ingine. Hapana. Mutu anaweza kuwa na kichwa kizito cha usingizi na wakati uleule moyo wake unapiga mbio.

Inchi zingine zimeamua nini?

Huko Ufaransa, tangu tarehe 11 Desemba 2024, hakuna mutu anayeweza kununua dawa ya kumeza yenye pseudoéphédrine bila ordonansi ya munganga. Sababu ni hatari ambazo, hata kama si za mara kwa mara, ni kubwa sana: shida za moyo na za mishipa ya ubongo.

Juu ya phényléphrine ya kumeza, wataalamu wanaoshauri ofisi ya dawa ya Marekani walisema katika mwaka wa 2023 kwamba haifungui pua kwa kweli. Mwaka uliofuata, ofisi hiyo ilipendekeza iondolewe katika dawa za gripe zinazouzwa bila ordonansi. Basi mukaaji anaweza kulipa pesa juu ya kitu kisichomusaidia.

Nani asiinywe bila kuuliza munganga?

– Mwenye tansiyo, hata kama anakunywa dawa zake vizuri, na mwenye ugonjwa wa moyo ao aliyekwisha kupata kiharusi.
– Mwenye glokoma, ni kusema ugonjwa wa macho wenye kupandisha presha ndani ya jicho.
– Muzee anayesumbuka kukojoa kwa sababu ya prostate. Mukojo unaweza kufungana kabisa.
– Mama mwenye mimba, na mama anayenyonyesha, kwa sababu pseudoéphédrine inaweza kupunguza maziwa.
– Mutu anayekunywa dawa za ugonjwa wa akili ao za kifafa.

Watu wengi wana tansiyo na hawajui. Kwa hiyo, mutu mwenye umri mukubwa afanye kwanza kupima tansiyo kwenye kituo cha afya. Ni kazi ya dakika chache.

Motari, shofere na pombe

Usingizi wa klorfenamini unaweza kuja hata kama mutu hausikii sana. Mikono na macho vinachelewa kujibu. Kwa motari anayebeba watu, kuchelewa kidogo kunatosha kuleta ajali. Ni vilevile kwa shofere wa kamio na kwa mutu wa mashini ya kukata mbao. Pombe inazidisha usingizi huo, ikiwa ni Primus, kasiksi ao lutuku. Dawa ya namna hii na pombe haziendi pamoja.

Paracetamol mara mbili

Kosa ingine linatokea hivi: mutu anakunywa kidonge cha gripe, kichwa kinaendelea kumuuma, anaongeza paracetamol. Hajui kwamba kidonge cha kwanza kilikuwa nayo ndani. Mutu mukubwa asipitishe gramu 4 kwa siku, ni kusema vidonge 8 vya miligramu 500, akihesabu dawa zote pamoja. Ikipita hapo inaweza kuharibu maini, na mara ya kwanza mutu hasikii kitu. Mutu mwembamba sana, ao mwenye ugonjwa wa maini, anapaswa kunywa kidogo kuliko hapo.

Mutoto mwenye homa apimwe kwanza

Vidonge hivi si vya watoto wadogo. Kukata nusu ya kidonge cha mutu mukubwa na kuisaga ndani ya kijiko ni hatari: mutoto anaweza kulala kupita kiasi ao kutetemeka. Tena paracetamol iliyo ndani inashusha homa, na wazazi wanaona mutoto amepona, kumbe malaria inaendelea. Mutoto mwenye homa apelekwe kwenye kituo cha afya ao kwa reko wa kijiji, afanyiwe kipimo cha malaria.

Nini inaweza kusaidia?

Aleji mara mingi haina homa, inawasha, na inarudi kila mara mutu anapokutana na vumbi ao moshi. Kwa aleji ya kawaida, dawa moja inatosha: setirizini ao loratadini, miligramu 10 mara moja kwa siku kwa mutu mukubwa. Haileti usingizi sana kama klorfenamini, lakini siku ya kwanza ni vizuri kuikunywa magaribi.

Pua iliyoziba inaweza kuoshwa na maji ya chumvi: lita 1 ya maji yaliyochemuka na kupoa, na chumvi kijiko kidogo 1 na nusu. Maji hayo yatengenezwe mapya kila siku. Matone ya famasi ya kufungua pua yasipitishe siku 5, kwa sababu kisha hapo yenyewe yanaanza kuziba pua. Kufunika pua na kitambaa barabarani na kupikia inje kunapunguza shida bila dawa.

Kwenye famasi, maulizo tatu yanatosha: ndani yake kuna dawa gani, inanywewa mara ngapi, na je, mwenye tansiyo anaweza kuikunywa? Kama muuzaji hana boîte ya kuonyesha, afazali kununua pengine.

Mutu akivimba midomo ao ulimi, akikosa pumzi, kifua kikimuuma, ao kichwa kikimushika kwa nguvu gafula kisha kumeza kidonge, asingoje asubui. Aache dawa na apelekwe hospitali palepale, na boîte ya dawa mukononi.