Kuunyamazisha Upote wa Uta

Mazungumzo yetu ya leo ni ya uta, na hasa ya sauti itokayo katika uta mshale unapoachiwa. Uta umesifiwa tangu kale kuwa ni silaha ya kimya. Bunduki ikilia husikiwa hata kijiji cha pili. Lakini uta, husema watu, hauna neno. Walakini kila aliyesimama karibu na mpiga uta ajua ya kuwa sifa hiyo si kweli yote. Upote ukiachiwa hutoa mshindo mmoja mkavu, na baada yake mvumo kama wa nyuki. Mshindo ule ni mdogo masikioni mwa mtu, bali masikioni mwa swala ni mbiu ya hatari.

Katika nchi ya Shinyanga uta si kitu cha hadithi tu. Mwaka 1981 na 1982 wanavijiji wa Kahama na Shinyanga walipoanza kujilinda na wezi wa ng'ombe, katika chama kilichoitwa Sungusungu, silaha waliyoishika ilikuwa uta na mishale ya baba zao. Tena nchi yenyewe imebadilika mara mbili. Tangu miaka ya 1920 vichaka vingi vilikatwa ili kuwafukuza mbung'o, hata sehemu nyingi zikawa uwanda mtupu. Kisha mwaka 1986 ikaanza kazi ya Hifadhi Ardhi Shinyanga, iliyojulikana kwa jina la HASHI, ikaendelea hata mwaka 2004, na watu wakarudia desturi ya ngitili, yaani kutenga malisho na kuyaacha yapumzike. Miti ikarudi, na pamoja na miti wakarudi ndege na wanyama wadogo. Kwa hiyo maarifa ya uta yana maana hata leo, wala haifai yapotee kwa kukosa mtu wa kuyaeleza.

Basi na tuulize kwanza, sauti hii yatoka wapi? Mtu auvutapo uta huweka nguvu zake ndani ya mti, kama mtu awekavyo nafaka ghalani. Auachiapo upote, nguvu zile hutoka kwa ghafula. Sehemu iliyo kubwa huchukuliwa na mshale, nao huenda zake. Lakini mshale hauwezi kuzichukua zote. Zile zibakiazo hurudi katika upote na katika mikono miwili ya uta, nazo hazina pa kwenda ila kuutikisa mti na upote hata ziishe. Mtikiso huo ndio sauti tuisikiayo. Ni jambo lile lile la uta wa muziki, ule ufungiwao kibuyu na kupigwa kwa ufito. Tofauti ni kwamba mwimbaji ataka uta wake ulie, na mwindaji ataka wake unyamaze.

Kwa sababu hiyo pia wazee huwakataza watoto kuuvuta uta na kuuachia pasipo mshale. Mshale usipokuwapo, nguvu zote hubaki ndani ya mti, na uta mzuri wa kazi ya siku nyingi waweza kupasuka mara moja.

Sasa na tufanye hesabu, na wanafunzi washike kalamu. Sauti hupita hewani mwendo wa futi 1,100 hivi kwa sekunde moja. Mshale wa uta wenye nguvu, tuseme, hupita futi 150 kwa sekunde. Swala amesimama mbali yadi 30, yaani futi 90. Sauti ya upote itamfikia katika sehemu 8 za mia za sekunde. Mshale utamfikia katika sehemu 60 za mia. Kwa hiyo tangu kusikia hata kufikiwa, swala amepewa zaidi ya nusu ya sekunde.

Je, aweza kufanya nini katika muda huo? Mnyama aliyeshtuka hawezi kuruka asipokunja miguu kwanza, na akikunja miguu mwili wake hushuka. Tuseme robo ya sekunde imepita katika kushtuka kwake, na robo ya pili mwili unashuka. Kitu kiangukacho kwa robo ya sekunde hushuka futi 1 nzima. Mpiga uta aliulenga moyo, mshale waupata mgongo, au wapita juu kabisa, naye asema, "Leo mkono wangu haukuwa sawa." Kumbe mkono ulikuwa sawa, bali upote ulimsengenya.

Tena hesabu hii yatufundisha neno la pili. Swala akiwa yadi 15 tu, mshale hufika katika sehemu 30 za mia za sekunde, na sauti katika sehemu 4. Amebakiwa na robo ya sekunde tu, ambayo yaishia katika kushtuka. Hana nafasi ya kushuka. Basi dawa ya kwanza ya sauti ya uta ni miguu ya mwindaji mwenyewe: akaribie. Wahadzabe wa bonde la Yaeda na wa Meatu, ambao ni mabingwa wa uta katika Tanzania, hutumia mata yahitajiyo nguvu ya ratili 60 hivi au zaidi, na upote wao hufanywa kwa kano za wanyama. Lakini pamoja na nguvu hizo hunyatia kwa saburi, na wakati wa kiangazi huvizia usiku penye maji, mahali mnyama ajapo karibu mwenyewe.

Hili si jambo la kukosa kitoweo tu. Mshale upigao tumbo au paja humwacha mnyama akikimbia na jeraha, naye hufa siku ya pili au ya tatu katika kichaka kisichojulikana, akaliwa na fisi. Na mshale ukiwa na sumu, kosa huwa kubwa zaidi, kwa kuwa hata jeraha dogo huua mbali na macho ya watu. Wahenga walisema, mshale kwenda msituni haukupotea. Naam, mshale waweza kuokotwa. Lakini mnyama aliyejeruhiwa bure hakumfaa mtu, naye aliumia.

Basi na tutazame namna za kuupunguza mlio wenyewe. Ziko tano, nami nitazitaja kwa taratibu, tukianza na zile zisizogharimu kitu.

Ya kwanza ni uzito wa mshale. Mtu akirusha punje ya mahindi kwa nguvu zake zote, mkono wake huuma begani. Akirusha jiwe la kadiri, mkono hauumi. Punje ni nyepesi mno, haikuweza kuzichukua nguvu za mkono, nazo zikamrudia mwenyewe. Ndivyo ulivyo uta. Mshale mwepesi huenda kasi lakini huacha nguvu nyingi nyuma yake, na uta hulia sana. Mshale mzito kidogo huenda polepole zaidi, lakini huchukua fungu kubwa la nguvu, na uta hutulia. Pia huingia ndani zaidi. Mara nyingi mtu aliyesumbuka na kelele za uta hupona kwa kubadili mishale tu.

Ya pili ni nafasi iliyo kati ya upote na tumbo la uta, uta ukiwa umetegwa. Upote ukiwa karibu mno na mti, hupiga kifundo cha mkono, na kelele huzidi. Ukiwa mbali mno, uta hupoteza nguvu. Wapiga uta wa Uingereza tangu zamani hupima nafasi hiyo kwa ngumi moja iliyosimamishwa kidole gumba, yaani inchi 6 hata 7. Lakini mata hayafanani, na kipimo cha hakika ni sikio. Usokote upote kidogo ili ufupike, upige mishale mitatu, usikilize; kisha usokote tena. Patakuwa na mahali ambapo uta hutoa sauti nene na fupi kuliko penginepo. Tia alama hapo, usipaache.

Ya tatu ni upote wenyewe. Upote wa ukano au wa katani una nyuzi nyingi zilizosokotwa pamoja. Nyuzi zikilegea, kila mmoja hutikisika kwa namna yake na kugongana na wenziwe. Upakwe nta ya nyuki, usuguliwe kwa kipande cha ngozi hata nta iyeyuke kwa joto na kuingia ndani. Ndipo nyuzi zitashikana ziwe kitu kimoja. Nta huzuia maji pia, maana ukano ukilowa hulegea na kurefuka, na ile nafasi uliyoipima huharibika.

Ya nne ni mahali pa kugongana. Tazama ncha za uta ambapo upote hulala juu ya mti. Pazungushie ngozi laini. Tazama mahali mshale upitapo ukisugua mti; pafunike vile vile. Tazama manyoya ya mshale: unyoya uliobanduka hutoa mluzi njiani, na mnyama husikia mluzi kama asikiavyo upote.

Ya tano, nayo ndiyo watu waiulizayo sana, ni kufunga vishada katika upote. Kishada ni kitu laini na chepesi, kama ukanda wa ngozi ya sungura wenye manyoya yake, upana usiozidi nusu ya kidole kidogo, urefu wa shibiri moja. Fungua msokoto wa upote kidogo, pitisha ncha ya ukanda kati ya nyuzi, uzungushe ukanda mara kadha wa kadha, kisha pitisha ncha ya pili na kuubana. Upote ukitikisika, manyoya huipiga hewa na kusuguana, na nguvu za mtikiso huishia humo badala ya kuwa sauti. Asiye na ngozi atumie mpira wa ndani wa baisikeli uliokatwa nyuzi nyembamba. Huko Geita, ambako dhahabu ilichimbwa kwa mitambo tangu miaka ya 1930, na mgodi mkubwa wa sasa ulianza kuzaa mwaka 2000, mipira mibovu si haba. Manyoya ni mepesi na hunyamazisha vema, ila yakinyeshewa hunywa maji na kuwa mazito. Mpira haunywi maji, lakini una uzito wake tangu mwanzo.

Mahali pa kufunga si popote. Upote hautikisiki kwa namna moja tu. Kwanza hutikisika wote mzima, katikati pakienda mbali kuliko pote. Papo hapo hutikisika kwa nusu mbili, katikati pametulia; tena kwa theluthi tatu; tena kwa robo nne. Kila namna ina sauti yake, na kila namna ina mahali pasipotikisika. Kishada kikifungwa mahali palipotulia hakina kazi. Kikifungwa robo ya urefu kutoka ncha, hukamata zile namna tatu za kwanza, lakini ile ya robo nne humpita. Kikifungwa theluthi, hukamata ya kwanza, ya pili na ya nne, bali ya tatu humpita. Kwa hiyo funga kimoja robo kutoka ncha ya juu, na kingine theluthi kutoka ncha ya chini. Hapo mmoja akisinzia, mwenziwe yu macho. Usifunge katikati, kwa kuwa ndipo mahali pa mshale, tena ndipo upote uendapo kasi kuliko pote, na uzito wowote hapo huupunguza mwendo wa mshale.

Walimu waweza kulionyesha jambo hili darasani bila uta. Tandaza waya mwembamba juu ya ubao, uukaze kwa misumari miwili na vijiti viwili chini yake. Kunja vijikaratasi vidogo na kuvipandisha juu ya waya. Gusa waya katikati kwa ncha ya unyoya, kisha upige kwa kidole karibu na mwisho. Vijikaratasi vya pande mbili vitaruka, lakini kile kilicho katikati kitakaa kimetulia. Mtoto aliyeliona hilo kwa macho yake hatalisahau.

Ajaribuye uta wake na alenge gunia lililojazwa majani makavu, na msikilizaji wake asimame kando au nyuma ya mpigaji, kamwe asisimame mbele. Abadili jambo moja tu kila mara, ili ajue dawa ni ipi. Wala mtu asidhani ya kuwa uta ulionyamaza ni ruhusa ya kuingia msituni. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 yakataza kuwinda pasipo kibali, na uta umo katika sheria hiyo kama bunduki. Mwenye kibali na awinde kwa haki. Asiye nacho ana gunia lake la majani, na shabaha haina msimu.

Hata hivyo hakuna uta usiotoa sauti kabisa. Dawa zote tano zikitumika, mlio utakuwa mfupi na mnene, wala hautavuma, lakini utakuwapo. Kwa hiyo mwindaji wa kweli huvifanya vyote viwili, hunyamazisha upote wake na kukaribia mnyama wake. Na ikiwa mnyama yu mbali mno, au amekwisha inua kichwa na kusimamisha masikio, basi ustadi wa siku hiyo ni kuushusha uta polepole, mshale ungali upoteni, na kumwacha aende zake mzima.