Taa ya Mshonaji

Mtu aliyeshona kofia ya viua usiku, akaitazama asubuhi barazani, mara nyingi hushtuka. Mstari aliodhani umenyoka umekwenda kombo. Kiua kimoja kikubwa, cha pili yake kidogo. Hapana budi kufumua, na kitambaa kilichofumuliwa hakirudi upya wake. Watu hulaumu macho. Sisi twaona kwamba mara nyingi kosa ni la taa, tena si uchache wa mwanga wake, bali mahali ilipowekwa.

Kofia hii, kama ijulikanavyo Unguja na Lamu, ni kitambaa cheupe kilichoshonwa kwa uzi mweupe. Jicho haliwezi kutafuta tofauti ya rangi, kwa maana haipo. Kiuonyeshacho mshono ni kivuli chake. Uzi uliokazwa hufanya bonde dogo, na kitambaa cha kando huinuka kama tuta. Mfarishi nao ni vivyo hivyo: nguo mbili zenye pamba kati yake, zikapigwa bandi, na kila bandi ni kishimo.

Mkulima ajua jambo hili bila ya kufundishwa. Saa sita za mchana, jua likiwa utosini, shamba lililolimwa laonekana kama uwanja. Jioni jua likilala, kila tuta latupa kivuli, na mfereji uliopotoka huonekana toka mbali. Basi taa iliyotundikwa juu ya kichwa cha mshonaji ni jua la saa sita. Ishushwe ikae kando, juu kidogo tu ya kazi, ili mwanga upite juu ya kitambaa kwa mshazari. Jaribuni usiku huu: shikeni kofia mkononi, mwenzenu aishushe taa polepole toka juu mpaka ubavuni, nanyi mtaona mishono ikijitokeza mmoja mmoja.

Ashonaye kwa mkono wa kuume aiweke taa kushoto, na wa mkono wa kushoto aiweke kuume. Isipokuwa hivyo, kivuli cha mkono hufunika sindano.

Kisha isogezwe karibu. Taa iliyo mbali futi 4 ikiletwa futi 2, kazi hupata mwanga mara nne, si mara mbili, wala hamkuongeza hata tone la mafuta. Lakini pamba na moto havipatani. Kibatari kisicho na chemni kisikaribishwe kazini hata kidogo. Taa ya chemni ioshwe masizi kila siku, utambi ukatwe sawasawa, na kipande cha bati king'aacho kisimamishwe kati ya taa na uso, ili mwanga urudi kazini usiyachome macho. Wenye taa ya umeme au ya nguvu za jua wameepukana na moshi, lakini kanuni ya ubavuni ni ile ile.

Mchana, dirisha na baraza ni bora kuliko taa yo yote, ila jua lenyewe lisianguke juu ya kitambaa cheupe, kwani hung'aa mno. Kwetu jua huelekea kaskazini mwezi wa Juni na kusini mwezi wa Desemba. Kwa hiyo mkeka nao na uhame.

Wazee husema kwamba kushona gizani hupofusha. La, huchosha macho na kuleta maumivu ya kichwa, lakini hakuyaui. Neno la kweli ni jingine. Jicho la mtu wa miaka 60 hupokea ndani yake kadiri ya theluthi ya mwanga apokeao kijana wa miaka 20, na tangu miaka 40 huanza kushindwa na vitu vya karibu. Mabibi wengi, walio mafundi hasa, huziweka sindano wakati huo wakidhani kazi imewatupa, na kumbe wahitaji miwani ya karibu na taa ubavuni. Ikiwa miwani na taa havikusaidia, na mbele kuna ukungu, huenda ni mtoto wa jicho. Huyo hatibiwi kwa taa, bali kwa daktari.

Wanawake wa Uingereza waliofuma utepe wa lesi kabla ya umeme waliweka tufe la kioo lililojaa maji safi mbele ya mshumaa, maji yakakusanya mwanga juu ya kazi, na wafumaji kadha wakauzunguka mshumaa mmoja. Chupa ya duara yaweza kufanya kazi hiyo. Atakayeijaribu aifunike kabla ya kulala, maana jua la asubuhi likipita ndani yake laweza kuwasha mkeka.